Vumbi la Mbao Kwenye Difu

Nilipofungua nati ya chini ya difu, lile sanduku la gia za nyuma ya trekta, oili haikumwagika. Ilishuka polepole kama uji mzito, ikatua kwenye beseni.

"Mtani, mbona umenyamaza?" Bina Mainza, mwenye trekta, akauliza. "Trekta limekushinda, kama mkeo alivyokushinda?"

Hapa Monze ukoo wake na wangu ni watani. Hata siku ya kumzika mumewe nililala kaburini, nikadai maksai wa marehemu ndipo nitoke, naye akacheka huku analia.

"Nasikiliza tumbo la huyu mzee wako," nikamjibu.

Niliisugua ile oili kwa vidole viwili. Ilikuwa na chembechembe, na ilinuka karakana ya seremala. Vumbi la mbao. Wajanja hulimwaga ndani ili gia zilizokwisha zisilie siku mnunuzi anapojaribu trekta.

Kisha kitu kikadondoka, tii! Jino la gia. Likafuatwa na lingine. Gia za trekta la umri huu hazitengenezwi tena.

Nyuma yetu zizi lilikuwa tupu. Maksai wale wa marehemu ndio Bina Mainza aliowaswaga mwenyewe hadi kwa muuza trekta, wawe malipo. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha shamba lote, na majirani walishaanza kulima.

Bina Mainza aliokota jino moja, akalifuta kwa ncha ya kitenge, akaligeuza geuza kiganjani.

"Trekta litapona?"

Nikaanza kuirudisha nati mahali pake.

"Basi nitanie," akasema. "Makaburini ulinitania. Nitanie, mtani wangu."

Nikafungua mdomo, ukabaki wazi.