Gongo Jeupe la Kongoni

Zama zile wanyama walipokuwa wakicheza mpira wa magongo, Kongoni, winga mgeni, alifunga mabao ishirini katika msimu wake wa kwanza. Mashabiki walimbeba mabegani. Kocha Fisi akamzawadia gongo jipya, jeupe, jepesi ajabu.

"Mwanangu, msimu huu tunataka arobaini."

Kongoni akalipapasa. Lilikuwa laini, tena la baridi.

"Kocha, limechongwa kwa mti gani?"

"Mti?" Fisi akacheka taratibu. "Huo ni mfupa wa mguu wa Nyumbu, winga wetu kabla yako. Msimu wa kwanza alifunga ishirini na mawili. Wa pili, kumi na tisa."

Kongoni akawageukia mashabiki wake. Wote walikuwa wakiitazama miguu yake mirefu.