Marehemu Baba

"Nani alikufundisha kupenda historia?" mwalimu aliuliza, akijifanya mjumbe wa jopo la usaili.

Binti wa fundi cherehani akajiweka sawa kitini. Lilikuwa zoezi tu, lakini wiki ijayo ingekuwa kweli: nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko, wala kwa wenzake waliokaa nyuma yake. Ndiyo maana mwalimu alijitolea kuwanoa.

Jana alijibu kwamba baba yake humsimulia habari za kale huku akishona pindo. Mwalimu akapiga miayo waziwazi.

"Usinibembeleze nilale, mwanangu. Nilize!"

Leo neno likamponyoka kabla hajalipima.

"Marehemu baba."

Akaendelea. Akataja kidole gumba kilichojaa alama za sindano, mgongo uliopinda dirishani, kikohozi chake. Sauti ikakatika yenyewe mahali panapofaa, na machozi yaliyomlengalenga yalikuwa ya kweli.

Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho.

"Hapo hapo! Usibadilishe hata neno."

Simu ikaanza kutetemeka mapajani mwa binti. *Baba.* Alisema angepiga kuuliza urefu wa mikono ya koti analomshonea la usaili. Binti akaifunika kwa kiganja, nayo ikazidi kuhangaika humo kama kifaranga.

"Ila jiandae," mwalimu alisema kwa upole, "lazima watakuuliza. Alifariki lini?"