Donge la Tope

Pimbi alikuwa karani wa nchi ya mawe. Kazi yake ilikuwa kupiga muhuri wa dhamana: mchimbaji wa kwao akipata hasara ugenini, nchi itamfidia. Kwa muhuri huo Mhanga, mchimbaji wa nchi hiyo, alikwenda bonde la vyura, akachimba mfereji kutoka bwawa lao wa kumwagilia mashamba yake. Mwaka haukuisha, bwawa likakauka.

Bi Chura alibeba donge la tope lililopasuka kutoka bwawani, akaruka siku saba hadi mezani kwa Pimbi.

"Mwambieni Mhanga azibe mfereji, mvua ikinyesha tupate maji."

"Mama, sisi tulipiga muhuri tu. Na kutoka hapa bonde lenu halionekani."

"Na donge hili je?"

"Liweke hapo. Tutaliangalia."

Bi Chura alingoja, ngozi ikimkauka. Siku ya tatu akaingia Mhanga, analia.

"Mfereji wangu hauna maji! Nimekula hasara!"

"Una ushahidi?" aliuliza Pimbi.

Mhanga akatazama mezani. "Si huo hapo?"

Pimbi akalishika donge, akalinusa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kweli, bwawa limekauka." Akamfidia vichuguu kumi vya mchwa.

"Kumbe leo bonde linaonekana," alisema Bi Chura. "Basi nipe donge langu niende."

"Haiwezekani, mama. Sasa ni ushahidi wa Mhanga."

Bi Chura hakuwa na nguvu za kubishana. Alipanda juu ya donge, akakaa. "Bwawa letu lililobaki ni hili. Niende wapi?"

Yuko hapo mpaka leo. Kila mara Pimbi anapoinua muhuri, macho mawili makubwa humtazama, na mkono wake hukawia kidogo kushuka.