Nguzo Nyeupe

"Mama, nikwambie mara ngapi? Mji huu ni wa besiboli. Soka haijawahi kuchezwa hapa!" alifoka Bwana Dunleavy, msimamizi wa viwanja.

Nabintu, kocha wa watoto wa wakimbizi, alishachoka kubembeleza. Aliendelea kuchimba shimo la nguzo ya goli nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, hasira zote akizimalizia kwenye mtaimbo. Mara ukagonga kitu. Akafukua kwa mikono, kikatokea kisiki cha nguzo kuukuu, kingali na rangi nyeupe.

"Hiyo ni nguzo ya uzio tu," alisema Dunleavy, sauti imeshuka.

Nabintu akapima kwa hatua upana wa goli kutoka pale kisikini, akatia alama kwa kisigino, akamkabidhi mtaimbo.

"Kama hii si nguzo ya goli, hapa hutakuta mwenzake. Haya, chimba mwenyewe."

Dunleavy aliupokea, akabaki ameitumbulia macho ile alama.