Zimwi la Kila Ijumaa

Kila Ijumaa Kasuku aliwasimulia wanyama hadithi ya zimwi jipya. Mara lina pembe, mara lina mikia saba, lakini mwishowe Jogoo shujaa hulikata kichwa kwa upanga wake. Mama Pimbi, ambaye hakuwahi kukosa hata Ijumaa moja, akachoka.

"Hivi wewe Kasuku huoni haya? Siku nenda siku rudi ni yale yale! Hata huyu ninayemnyonyesha anaujua mwisho!"

"Haya," akasema Kasuku. "Leo zimwi limemmeza Jogoo. Hadithi imeishia hapo."

Watoto wakaangua kilio. Mama Pimbi akaruka juu.

"Mshenzi wewe! Si amemezwa pamoja na upanga wake? Apasue tumbo atoke!"

"Kama siku zote?"

"Kama siku zote!" akafoka Mama Pimbi, huku anajifuta machozi.