Fuvu Dogo la Profesa

Mkurugenzi wa makumbusho aliingia stoo ya mifupa akiwa na msumeno mpya, bado umefungwa karatasi ya dukani.

"Ule wa zamani umepotea mara ya tatu," alimwambia mtafiti. "Huu nitakaa nao mwenyewe mpaka umalize."

Mtafiti huyo alikuwa na miezi mitano tu kazini, na kwa kuwa muda wote jicho lake lilikuwa kwenye hadubini, wenzake walimbandika jina hilohilo, Hadubini. Alichotaka ni kukata kipande chembamba kama ukucha kutoka kwenye mafuvu mawili ya dinosaria. Aliyemkatalia ni Profesa, mkuu wa idara. Na Profesa, masikini, alikuwa mume wa Mkurugenzi.

Mafuvu yenyewe yalikuwa ya wale dinosaria walao majani, waliotembea kwa miguu miwili na kubeba vichwa vyenye mfupa mnene ajabu. Kubwa lilikuwa na utosi ulioumuka kama mkate. Dogo lilikuwa bapa, lenye vijipembe kisogoni. Profesa ndiye aliyeandika kwamba ni spishi mbili tofauti, na ndiye aliyezipa majina. Kubwa alilipa jina la mkewe, wiki moja baada ya harusi, na watu wakasema kweli bwana harusi kapenda. Dogo alikuwa amelipa jina miaka minne kabla ya hapo. Lilikuwa jina refu la Kilatini, lakini ukilivua mikia yake unabaki na jina la mchumba wake wa wakati ule.

Kwa miaka kumi na tisa Mkurugenzi alipita ukumbini mbele ya kibao chenye jina hilo kila asubuhi akienda ofisini, na kila asubuhi kilimchoma. Mambo ya mifupa hakuyasomea, yeye alisomea uongozi. Lakini jina la yule mwanamke alilisoma vizuri tu, hata kwa Kilatini.

Ndiyo maana Hadubini alipomruka Profesa na kupeleka ombi lake juu, alivutiwa kiti na kumiminiwa chai.

"Nashuku hili dogo ni mtoto wa spishi ileile, mama," alieleza. "Wakiwa wadogo kichwa ni bapa, wakikua kinaumuka. Tukikata, mfupa wenyewe utasema umri."

"Kwa hiyo si spishi mbili?"

"Ni moja."

"Na majina?"

"Litabaki moja tu, mama."

Mkurugenzi alisaini kabla chai haijapoa. Hadubini akatoka akimsifu moyoni kiongozi anayeipenda sayansi kiasi kile.

Nyumbani Profesa alikosa raha. Alizunguka meza ya chakula, akaketi, akasimama tena.

"Mke wangu, nakuomba. Yaache yale mafuvu yakae yalivyo."

"Unamlinda nani?"

"Nakulinda wewe!"

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika mbavu. Msomi mzima, na uongo wenyewe hajui kuutunga!

"Basi nisikilize kidogo tu. Kuna kanuni moja..."

"Kanuni zako wapelekee wanafunzi wako," alisema, akavuta bakuli la saladi.

Msumeno ukafanya kazi yake. Mfupa wa fuvu dogo ulikutwa umejaa vitundu, mfupa wa kiumbe ambaye bado anakua. Wa fuvu kubwa ulikuwa umekomaa na kushikana. Ripoti ikapita kwa wakaguzi bila doa. Profesa aliisoma mara mbili, akakiri kwamba mtoto ni mtoto na mzazi ni mzazi, kisha akaomba likizo ya haraka. Alinyimwa.

Siku ya kubadilisha vibao, Mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote ukumbini, akawanunulia soda. Fundi alipojitokeza na ngazi, alimpokonya bisibisi, akavua viatu na kupanda mwenyewe. Profesa alishika ngazi huku amefumba macho.

Huko juu Mkurugenzi alikuwa na furaha ambayo hajaionja tangu siku ya harusi yake. Alifungua skrubu ya kwanza ya kibao cha fuvu dogo. Akafungua ya pili.

"Mama, siyo hicho!" aliita Hadubini kutoka chini. "Jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki. Ng'oa kile cha kubwa. Kuanzia leo yote mawili yanaitwa kama dogo."