Tajiri Mwenye Kigoda

Siku hizi utajiri wa mtu ni vitu vya nyumbani mwake ukivigawanya kwa watu wanaolala humo, na tajiri hulipa kodi zaidi. Mkewe alipozikwa, Mzee Shekuzi akaamka tajiri.

"Shikamoo babu. Kiti na kigoda, mtu mmoja," alisema binti wa kodi.

"Marahaba. Na Malekela mwenye ghorofa?"

"Kaandikisha wapishi na walinzi sitini. Yeye maskini."

"Hao wakubwa wenu wametuona mabwege!"

"Sikutunga mimi, babu. Kama huwezi kulipa, toa kimoja."

Mzee akatoa kiti chake, akabaki na kigoda cha marehemu. Alipokikalia, magoti yakamgusa kidevu.

"Wiki ijayo," binti alisema taratibu, "tutahesabu vikombe."